Nilivyojifunza kulia kwa nyimbo za watu wengine

Kwetu Mvumi, mkoani Dodoma, ngoma ni kazi ya wanawake. Watu wa pwani wakisikia hivyo hushangaa, lakini muheme hupigwa na kina mama: ngoma imebanwa katikati ya mapaja, mikono mitupu juu ya ngozi, na kabla ya kuanza ngozi imeshaoteshwa moto mpaka ikakaza na kulia inavyotakiwa. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mpigaji. Nimelala mgongoni mwa mama huku ngoma hizo zikipigwa, na hadi leo zikianza mimi sina hiari. Mabega huanza yenyewe, nywele husimama, na machozi hunilengalenga bila huzuni yoyote.

Shuleni tulikuwa na mwalimu aliyetoka Kilimanjaro, mtu mpole aliyetupenda sana. Msimu wa kuwatoa wanawali, ngoma zikilia usiku kucha, asubuhi alifika darasani macho yamemwiva. Siku moja alimsimamisha baba njiani akampa pole.

"Poleni na msiba, mzee. Naona mmekesha."

"Msiba gani, Mwalimu?" baba akamwambia. "Tumewatoa mabinti. Ile ni furaha yetu."

Mwalimu alikuwa amesikia kila tulichokisikia sisi: ngoma za haraka, sauti kubwa, wanawake wakiimba kwa sauti za juu mpaka zinapasuka. Alijua kabisa kwamba kijijini kuna jambo zito. Hakujua ni jambo gani.

Nimekuwa mpiga fidla. Nimepigia harusi za pwani, misa za bara, hafla za serikali na wageni kutoka mataifa ambayo lugha zao sizijui hata salamu. Kila nilikokwenda nimekikuta kisa cha mwalimu yule kikinisubiri kwa sura nyingine, mara nyingi mimi mwenyewe nikiwa mahali pake. Nimesikia mara nyingi sana, hasa majukwaani kwenye matamasha, kwamba muziki ni lugha ya dunia nzima. Wanaosema hivyo wana nia njema, na kuna ukweli ndani yake. Lakini umekatwa nusu, na nusu iliyoachwa ndiyo iliyonifundisha karibu kila ninachokijua.

Kabla ya fidla kulikuwa na kwaya. Mvumi ni nchi ya misheni ya Anglikana tangu zamani, na kanisani kwetu siku moja kililetwa kinanda cha umeme. Kijana wa kwaya akataka mzee mmoja mpiga ilimba, ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, apige nacho pamoja. Mzee alijaribu ubeti mmoja akaweka ilimba yake chini. Akasema hiki kinanda hakisikii. Wengi walidhani anakataa usasa. Lakini mzee alikuwa na haki yake. Ilimba ya Kigogo hufuata sauti zinazozaliwa na uzi mmoja wa ndono, upinde wetu wa muziki, ukiugonga, na moja ya sauti hizo huangukia chini ya kitufe cha kinanda kilicho karibu nayo. Tofauti ni ndogo, lakini kwa mtu aliyelelewa nayo ni kubwa kuliko tofauti ya wimbo na wimbo. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo mwenzetu aliyefundisha Bagamoyo na kuipeleka ilimba hadi majukwaa ya Ulaya kabla ya kufariki mwishoni mwa 2003, aliimba ndani ya sauti hizohizo. Wazungu walimshangilia, nasi huku tulilia. Ndiyo tofauti yenyewe.

Basi nilipovuka kwenda Unguja kusoma fidla nilikuwa na masikio ya aina mbili, ya ilimba na ya kinanda. Kule nilihitaji ya tatu.

Chuo kilikuwa Forodhani, katika jengo la forodha ya zamani linalotazama bahari. Mwalimu wangu alikuwa mzee aliyepiga taarabu tangu ujana wake, mwenye kofia ya kiua isiyobanduka kichwani. Makamu ya kwanza aliyonipa, yaani mpangilio wa sauti ambao wimbo hujengwa juu yake, ni rasti. Ukianzia do, ile mi haikai pale kinanda kinapoiweka. Iko chini yake, lakini haifiki kwenye mi iliyoshushwa. Inakaa katikati, mahali ambapo kinanda hakina kitufe. Kidole changu kilikuwa kikiteleza chenyewe kwenda mahali pa kanisani. Mwalimu alikishika, akakisogeza upana wa punje ya mchele.

"Hapo. Kaa hapo hapo."

Nikakaa. Nikavuta upinde. Yeye akafumba macho na kusema "Allah!" kwa sauti ya chini, kama wanavyosema watu wa taarabu wakiguswa. Mimi nilichosikia ni sauti isiyoamua. Haikuniumiza wala haikunifurahisha. Ilinitia wasiwasi tu, nikitaka imalize kushuka au ipande.

"Unausikia utamu wake?"

"Bado, Mwalimu."

"Utausikia. Bado hujakaa na watu."

Nilidhani ananifariji. Baadaye nikajua kwamba alikuwa amenipa somo zima siku ya kwanza.

Hata Waunguja wenyewe hawakuzaliwa na sauti ile. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza ganuni, ala ya nyuzi nyingi, naye akarudi akaanza kuwafundisha wengine. Ikhwani Safaa, kikundi kinachopiga hadi leo, kilianzishwa 1905. Kwa muda huo muziki ulikuwa wa kasri na waungwana, na uliimbwa Kiarabu. Aliyeutoa nje ni Siti binti Saad, mwanamke aliyetoka shamba Fumba, aliyekuwa akiuza vyungu. Aliimba kwa Kiswahili, akaimba mambo ya watu wa Ng'ambo, upande wa mji wa Unguja walikoishi watu wa kawaida, kesi zao na dhuluma walizotendewa, na 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri. Ile mi ya katikati ilisafiri kutoka Misri, ikapita kasri, ikaingia vichochoroni, ikakaa vinywani mwa watu waliokuwa na shida zao. Kwa kukaa huko ndiko ikawa yao. Hakuna sikio lililozaliwa nayo.

Nilipoanza kupiga harusini, kitu kilichonichanganya zaidi ya makamu ni wasikilizaji. Dodoma mtu akiguswa unamwona. Anaruka, anapiga vigelegele, anakuja mbele ya wapigaji na mwili mzima. Ukumbini Unguja wanawake wamekaa kwa mistari, wamevaa sare, uso umetulia. Mwimbaji anaimba beti za mapenzi yaliyosalitiwa, maneno makali kweli, nami kwenye fidla nashangaa mbona hakuna anayetikisika. Kisha mama mmoja anasimama. Haji kwa haraka. Anatembea polepole, kila hatua ikiangukia mdundo wa ngoma ya dumbaki, mkono umeinuliwa na noti katikati ya vidole viwili, kidevu juu. Anafika mbele, anasimama mbele ya mwimbaji kwa muda, anaiweka ile noti, anageuka kwa mwendo uleule na kurudi kukaa. Sura yake haina machozi wala tabasamu.

Nilimwuliza Bi mmoja aliyekuwa mwimbaji wetu mkubwa, wakati tunafunga vyombo, kama yule mama alikuwa amefurahi.

"Amefurahi? Mwanangu, yule ameachwa juzi. Na aliyemchukulia mume yuko safu ya tatu. Kila mtu humu ndani ameona ule ubeti ameutunza nani, na ameutunzia nani."

Tangu siku hiyo nikaanza kutazama noti. Nikajua kumbe ukumbi ule uliotulia unachemka tangu mwanzo hadi mwisho. Ubeti mmoja ukitunzwa na watu kadhaa mfululizo, ujue kuna habari mtaani. Hisia zilikuwepo tele, pengine kuliko kwetu, ila zilikuwa zimepewa mwendo na adabu yake. Mgeni aliyekaa nyuma na kamera angerudi kwao akaandika kwamba watu wa Zanzibar husikiliza muziki kwa utulivu.

Na msiba je? Hapa ndipo kwetu na pwani tunapotofautiana kabisa. Mjomba wangu alipofariki, mwenzangu mmoja wa bendi, Mwunguja, mpiga udi, alisema hawezi kuniacha nisafiri peke yangu. Tulifika Mvumi jioni. Kwaya mbili zilikuwa zinapokezana, kipaza sauti kimefungwa juu ya mwembe, kinanda kinapiga, watu wanaimba huku wanalia, wanalia huku wanahudumiana chai. Mimi nilianza kulia hata kabla ya kushuka kwenye gari, kwa sababu wimbo uliokuwa ukiimbwa ni ule tuliomzikia babu. Mwenzangu alikaa na wanaume, ameinamisha kichwa. Usiku akaniuliza taratibu:

"Dada, muziki huu hauwachoshi? Sisi maiti akiwa ndani, hata redio inazimwa."

"Ukizimwa ndipo tutakapochoka," nikamjibu.

Hakubisha. Alikaa hadi asubuhi. Kwake yeye heshima ya maiti ni dua na ukimya, na ala yoyote ni sherehe. Kwangu mimi ukimya kwenye matanga ni mtu kuachwa peke yake. Sauti ileile ya kinanda ilikuwa inanishika mkono mimi na kumkwaruza yeye, na wote wawili tulikuwa tunamlilia mtu mmoja, kwani mjomba alikuwa amemkaribisha kwake mara nyingi.

Baadaye yule Bi mwimbaji wetu naye akafariki. Alizikwa siku ileile kabla ya magharibi, bila fidla na bila udi, kama ilivyo desturi. Nilisimama na wanawake nyumbani, nikasikia dua zinasomwa, na uchungu ukanikaa kifuani bila mahali pa kutokea. Kwa mtu wa kwetu ni jambo gumu sana kumpoteza mwanamuziki na kutompigia hata sauti moja.

Muda ukapita, bendi ikarudi kazini. Kwenye harusi moja shamba, wenye shughuli wakaomba wimbo ambao Bi alikuwa akiuimba, na mwimbaji kijana akaupokea. Wimbo wenyewe uko kwenye rasti. Fidla hutangulia peke yake kabla ya sauti kuingia, mstari mfupi unaopanda na kutua juu ya ile mi. Nikapiga. Kidole kikaenda mahali pake chenyewe, na nilipotua hapo, ukumbi mzima ukavuta pumzi. Wengi wa wale kina mama Bi ndiye aliyewaimbia harusi zao. Bi alikuwa na namna yake ya kuisubiri sauti ile, kuikalia muda kuliko inavyoandikwa, na vidole vyangu vilikuwa vimejifunza kusubiri hivyo kwa kumfuata yeye. Nikasubiri. Machozi yakanitoka kama maji, na safu ya mbele mama mmoja akasema "Allah!", nami nikausikia utamu ambao Mwalimu aliniambia nitausikia. Ile sauti haikuwa tena isiyoamua. Ilikuwa sauti ya mtu ninayemjua.

Nilitaka kuelewa kilichonipata, nikaanza kuwauliza waliosoma na kusoma mwenyewe nilichoweza kukipata. Utafiti mmoja ulinikaa kichwani. Mwaka 2015 watafiti Hauke Egermann, Nathalie Fernando, Lorraine Chuen na Stephen McAdams walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya kwa Wambenzele, watu wa msitu wa kaskazini mwa Jamhuri ya Kongo. Waliwasikilizisha Wambenzele 40 na watu 40 wa Montreal, Kanada, vipande vya muziki wa pande zote mbili, huku wakipima mapigo ya moyo, pumzi na jasho la ngozi. Miongoni mwa vipande vya Kizungu kulikuwa na muziki wa filamu za kutisha na za huzuni. Pande zote mbili miili ilielekea kuitikia kwa namna inayofanana pale sauti ilipokwenda kasi au kupanda. Lakini walipoulizwa kama walichosikia ni kizuri au kibaya, cha furaha au cha kuudhi, wakaachana njia. Kilichomhuzunisha mtu wa Montreal hakikuwa lazima kimhuzunishe Mmbenzele. Na Wambenzele wenyewe wanaona muziki ni wa kuondoa ubaya: mtoto akilia, mtu akiwa na hofu ya kwenda kuwinda, huimbiwa ili hali hiyo imtoke. Muziki wa kumtia mtu huzuni makusudi hauna kazi kwao.

Nilipolisoma hilo nikamkumbuka mwalimu wa Kilimanjaro. Moyo wake ulikuwa ukienda mbio usiku ule sawa na wetu. Mwili wake haukukosea hata kidogo. Kilichokosekana ni watu wa kumwambia moyo wake unaenda mbio kwa ajili ya nini.

Kuna utafiti mwingine wa 2009, wa Thomas Fritz na wenzake, uliofanywa kwa Wamafa wa milima ya kaskazini mwa Kameruni. Wao waliweza, zaidi ya kubahatisha, kutambua vipande vya piano vilivyotungwa vionyeshe furaha, huzuni au hofu, ingawa hawakuwa wameuzoea muziki wa Kizungu. Wengine huona tafiti hizi mbili zinapingana. Mimi sioni hivyo. Kuitambua huzuni ya mtu ni jambo moja, kuhuzunika naye ni jambo la pili. Naweza kumwona mpita njia analia nikajua analia, nikaendelea na safari yangu. Muziki wa watu wengine kwa kawaida unatufikia hivyo: tunajua kuna mtu analia. Ili nasi tulie, lazima tumjue.

Mtu wa rika langu aliyekulia Tanzania anaweza kujipima mwenyewe. Mzee Morris Nyunyusa, mpiga ngoma asiyeona, ndiye aliyepiga zile ngoma zilizokuwa zikitangulia taarifa ya habari Redio Tanzania. Ziwekee leo mtu wa Norway, atatikisa kichwa na kusema ngoma nzuri. Ziweke kwenye chumba cha Watanzania waliokuwa watu wazima miaka ya 1970 na 1980, utaona wanavyonyamaza. Ngoma zile zilitangulia habari za vita vya Kagera, habari za vifo vya viongozi, habari za bei. Baba yangu alikuwa akizisikia anainua kidole, na hakuna mtoto aliyethubutu kuburuta kiti.

Kitu kimoja tu nimekiona kinavuka bila kuhitaji kujuana, nacho ni bembelezi. Nilipojifungua nililazwa wodi moja na kina mama kutoka pande mbalimbali: Mpemba, Msukuma, Mhaya, na msichana mdogo wa Kimakonde ambaye alikuwa hajui Kiswahili vizuri. Usiku mtoto mmoja akianza kulia, huamsha wote. Aliye macho ndiye aliyebembeleza, hata mtoto akiwa si wake. Wanangu wa wodi ile walilala kwa nyimbo za Kipemba na Kihaya bila kuuliza kabila. Na nyimbo zenyewe zilikuwa zinafanana kwa namna fulani, na kwa kuwa muziki ndio kazi yangu nililiona hilo haraka: polepole, sauti zinashuka zaidi ya kupanda, mstari mmoja unaorudiwa mpaka maneno yanapoteza uzito. Mwaka 2018 Samuel Mehr na wenzake walichapisha kazi waliyowasikilizisha watu 750 kutoka nchi 60 vipande vifupi vya nyimbo za jamii 86 ndogondogo duniani. Wasikilizaji waliweza kutofautisha bembelezi na nyimbo za kuchezea ngoma, hata bila kuijua lugha. Nyimbo za mapenzi hawakuzitambua vizuri. Hilo halikunishangaza hata kidogo, nimeshaziona noti za Unguja.

Lakini hata wodini, wasikilizaji walikuwa wawili. Yule msichana wa Kimakonde alikuwa akiimba wimbo mmoja kila usiku, mwanawe analala, na yeye mwenyewe machozi yanamshuka. Tulimwuliza kwa ishara na kwa Kiswahili chake kidogo, akasema ni wa mama yake, na mama yake amefariki. Mtoto alichukua mwendo wa wimbo na joto la kifua. Mama alichukua kilichobaki. Wimbo mmoja, ndani ya kanga moja.

Nimeacha Mazimbu hadi sasa kwa sababu ndiko nilikoyaona haya yote kwa pamoja. Mazimbu iko nje kidogo ya mji wa Morogoro. Ilikuwa shamba la mkonge, serikali ya Tanzania ikawapa wapigania uhuru wa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, nao wakajenga shule iliyofunguliwa 1978 na kupewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Waliishi hapo, wakasoma, wakalima, wakazaa, wakazikana. Mwaka 1992 wakaikabidhi kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Makaburi yao yapo.

Tulialikwa kupiga kwenye shughuli moja ya kumbukumbu, na kabla ya shughuli wageni kutoka Afrika Kusini wakaenda makaburini. Tukafuatana nao. Wakasimama, wakainua ngumi, wakaanza kuimba sauti nne bila kiongozi yeyote kuwapa sauti. Nikaujua wimbo kwa sauti mbili za mwanzo. Ulitungwa 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, ukaimbwa kwenye mkutano wa kuanzishwa kwa chama kilichokuja kuwa ANC, Januari 1912. Muziki huohuo ndio tuliouchukua Tanganyika tulipopata uhuru 1961. Ni wimbo wetu wa taifa.

Mimi nimeuimba maisha yangu yote. Nikiusikia naona mstarini, vumbi la asubuhi Mvumi, sare za bluu, bendera inapanda, mwanafunzi wa zamu anapiga kengele. Unanipa utulivu na fahari, na miguu inajipanga yenyewe. Na hapo makaburini miguu ilijipanga. Mbele yangu wanaume wenye mvi walikuwa wanalia kwa sauti. Mmoja alikuwa amegusa jiwe la kaburi na kukataa kuondoa mkono. Kwao wimbo ule uliimbwa mazishini na gerezani, kwa miaka ambayo ungeweza kumletea mtu kipigo. Sauti zilezile, moja baada ya nyingine, bila hata moja kubadilika, na baina yetu kulikuwa na umbali wa maisha mawili.

Miongoni mwao alikuwepo mama mmoja mtu mzima, amejifunga vitenge viwili, ambaye nilidhani ni Mwafrika Kusini kwa sababu alikuwa anaimba Kixhosa chote na sauti ya pili anaijua, na analia kuliko wengine. Walipomaliza nikamwamkia kwa Kiingereza. Akaniitikia kwa Kiswahili cha Kiluguru.

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni wa hapahapa Morogoro."

Alikuwa amefanya kazi jikoni kwenye shule ile tangu akiwa msichana. Nikamwuliza nani alimfundisha wimbo.

"Hakuna aliyenifundisha. Kila wakimzika mtoto walikuwa wanaimba, nami ndiye niliyekuwa nampikia uji yule mtoto. Sasa ningekaa kimya?"

Nikamwuliza pia kama akiuimba ule wetu wa Kiswahili, siku za sherehe, hulia vilevile. Akafikiri.

"Ule hapana. Ule nausimamia tu."

Mwanamke mmoja, muziki mmoja, na moyo wake una vyumba viwili vya kuupokea. Sikuwahi kukutana na msomi aliyenieleza jambo hili vizuri kuliko yeye.

Siku hizi nafundisha. Wanafunzi wangu ni wa kila mahali: watoto wa Unguja, vijana wa bara kama nilivyokuwa, na wageni wanaokuja kwa miezi michache na fidla za bei kubwa. Wageni mara nyingi huniomba orodha ya rekodi za kusikiliza. Ninawapa, kwa sababu sikio lazima lipate chakula. Lakini ninawapa na kazi nyingine, nayo haina alama: watafute nyumba moja yenye shughuli, waende siku ya kumenya viazi na kupika, siyo usiku wa ukumbi. Wakae na kina mama. Wajue bibi harusi ni mtoto wa nani, nani alimlea, nani amegombana na nani, nani amefariki mwaka huu na hatakuwepo. Usiku wakija na fidla zao, waniambie ni ubeti gani uliotunzwa zaidi na kwa nini.

Mwanafunzi mmoja kutoka Ujerumani, binti mwenye vidole vizuri ajabu, alilalamika kidogo mwanzoni. Alitaka tufanye mazoezi ya robo toni, akaja na mashine ya kupimia sauti, na kila mara mi yake ya rasti ilikuwa sahihi kabisa kwenye mashine. Nilimwambia mashine iko sawa, na kwamba aende Makunduchi na shangazi yangu wa hiari aliyekuwa na harusi ya mjukuu. Akaenda. Aliporudi alikuwa na hina mikononi na habari za ukoo mzima. Tukapiga tena ule mstari. Kwenye mi akachelewa kidogo, akaikalia. Sikutazama mashine inasema nini, nikamwambia arudie, kisha tukaendelea na ubeti wa pili, ambao bado unamsumbua kwenye upinde.